Mzee alikutwa na minyoo tukatulia, kumbe kansa ya utumbo mpana ilikuwepo muda wote

Mwana wa Mwisho (mleta uzi)

Habari za humu wakuu. Huu uzi nimeuahirisha miezi kadhaa, leo nauandika tu hata kama utakuwa mrefu, asiyependa maandishi marefu apite kimya kimya hatutagombana.

Mzee wangu ana miaka 67. Mwaka juzi alianza kuchoka, na sio kuchoka kwa kawaida, anapanda ngazi tano anasimama anahema kama aliyekimbizwa. Tukasema uzee. Baadae viganja vikawa vyeupe, kupima damu HB (kiwango cha damu mwilini) 7. Wakasema apime choo, choo kikatoka na mayai ya minyoo ya safura. Na hapo ndipo tulipopotea, maana jibu lilikuwa limenyooka mno, safura inanyonya damu, mzee hana damu, maswali ya nini tena? Akapewa albendazoli na vidonge vya madini ya chuma, damu ikapanda mpaka 10 tukashangilia. Miezi minne mbele ikashuka tena. Choo tena, safari hii wakaona amiba, akala metronidazoli siku saba na ule uchungu wake mdomoni. Ikashuka tena. Mara ya tatu hawakuona kitu lakini akapewa dawa ya minyoo hivyo hivyo, eti tahadhari. Mwaka mzima na ushei tunafukuzana na minyoo.

Aliyeshtuka ni dokta mmoja kijana, na hata hatukwenda kwa ajili ya tumbo, tulikwenda kwa ajili ya goti. Akapekua yale makaratasi akauliza, minyoo ilishatibiwa, choo cha mwisho kisafi, sasa hii damu inaenda wapi? Tukabaki tunaangaliana. Akasema mwanaume mtu mzima, au mwanamke aliyeshakoma hedhi, akiishiwa damu kwa kukosa madini ya chuma basi tumbo liangaliwe kwa kamera, juu na chini, hata kama choo kimetoka na minyoo. Kamera ikapita, wakakuta uvimbe mwanzoni mwa utumbo mpana, ile kona ya kulia kilipo kidole tumbo. Kinyama kikachukuliwa kikapimwa, kansa.

Kilichoniuma ni kwamba mzee hakuwahi kulalamika tumbo. Nimekuja kuelewa baadae kwamba upande wa kulia utumbo ni mpana na kinyesi kinapita bado ni majimaji, kwa hiyo uvimbe unakua bila kuziba chochote, unavuja damu kidogo kidogo ambayo huioni kwa macho. Ule wa kushoto ndio unaoanza kusumbua mapema, choo kinafunga, kinakuwa chembamba, damu inaonekana. Sasa linganisha na safura. Mnyoo mmoja wa safura anakula kama mililita 0.03 kwa siku, yule wa aina kubwa anafika kama 0.2. Ili mtu mzima anayekula vizuri afike HB 7 kwa safura peke yake anahitaji jeshi la minyoo, na mzee kwenye karatasi walimwandikia "wachache". Hilo neno lilikuwepo tangu siku ya kwanza na mimi ndiye niliyekuwa nabeba lile faili.

Amefanyiwa upasuaji, wamekata upande wote wa kulia. Tezi limfu 17 zilipimwa, mbili zina kansa, kwa hiyo ni hatua ya tatu, anatakiwa aanze kemo, zile dawa za kuua seli za kansa. Sasa chini kabisa kwenye ripoti ya maabara kuna mstari unasema kwenye ukuta wa utumbo, pembeni ya uvimbe, kumeonekana mayai ya kichocho yaliyoganda chokaa. Ndugu zangu wameukamata huo mstari hawauachii, wanasema si mnaona, ni minyoo ndiyo imeleta kansa.

Wenye uelewa naomba mnisaidie. Na waliopitia pia waseme.

Tuliza Boli

Pole sana mkuu, mpe pole mzee. Ngoja waje wajuzi, mimi nimekaa paleee nasoma.

Darubini

Mkuu mleta uzi pole. Mimi nipo maabara miaka 14, acha niongee kwa upande wangu kwa sababu hilo kosa huwa linaanzia mezani kwetu bila sisi kukosea.

Kipimo cha choo kinajibu swali moja tu, je kwenye hiki kipande kidogo nilichoweka kwenye kioo kuna mdudu? Hakisemi mdudu huyo ndiye anayemuumiza mgonjwa. Kuna watu wengi wanaishi na minyoo mjeledi, safura kidogo, amiba, na hawana tatizo lolote. Na hiyo amiba ya mzee, hivi walikwambia ni ipi? Kuna amiba mbili ukiziangalia kwa darubini ni pacha, moja histolitika ndiyo inayotoboa utumbo na kuleta kuhara damu, nyingine dispa haina madhara kabisa. Kuzitofautisha kwa macho huwezi, labda umkute amiba amemeza chembe nyekundu za damu, au upime kwa njia ya vinasaba au antijeni. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 1997 kwamba tuzitenganishe. Ila kwa kazi za kila siku mtu anaandika "amiba wameonekana", dokta anaandika metronidazoli, foleni inasonga.

Kuhusu kichocho. Mnyoo wa kichocho cha tumbo anakaa ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, jike anataga mamia ya mayai kwa siku, mengine yanatoka na choo, mengine yananasa kwenye ukuta hayatoki tena maisha. Yanakaa pale yanaganda chokaa. Kwa hiyo mayai yaliyoganda kwenye ripoti ya mzee inawezekana ni ya alipokuwa kijana anaogelea mtoni, mnyoo mwenyewe alishakufa zamani. Kuyakuta pembeni ya kansa ni sawa na kukuta kovu la goti kwa mtu aliyevunjika mkono. Nasema hivyo kwa uzoefu, ila kitaalamu swali la ndugu zako sio la kijinga hata kidogo.

Mwana wa Mwisho

@Darubini shukrani sana mkuu. Hebu malizia hapo, kwa nini sio la kijinga?

Mjuba

Naomba nimjibie Darubini hapo, haya mambo nayapenda.

Minyoo kuleta kansa ni kweli ipo, ila sio kila mnyoo na sio kila kansa. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lile la kule Lyon, mwaka 1994 liliviweka vichocho kwenye makundi. Kichocho cha kibofu kundi la 1, yaani kinasababisha kansa, ya kibofu. Kile cha mashariki ya Asia, China na Ufilipino huko, wakakiweka 2B, maana yake inawezekana, na hicho ndicho ambacho China wamekihusisha na kansa ya utumbo mpana. Hiki cha tumbo cha Afrika na Brazili kikawekwa kundi la 3, ushahidi hautoshi kusema ndiyo wala hapana. Pia kuna minyoo ya ini inayopatikana kwenye samaki wabichi kule Thailand, nayo kundi la 1, kansa ya mirija ya nyongo.

Wazo lenyewe linaeleweka, yai limenasa kwenye nyama, mwili unalizingira unapigana nalo miaka na miaka, pale pakikaa na uvimbe muda wote seli zinajigawa sana na makosa yanaongezeka. Ila wazo kueleweka ni jambo moja na kuthibitika ni jambo lingine. Kuna Mdenmark mmoja Johannes Fibiger alipewa Nobel ya 1926 kwa kusema minyoo imewapa panya kansa ya tumbo, baadae wenzake wakaja kuona zile hazikuwa kansa kama alivyodhani, panya walikuwa wamekosa vitamini A. Nobel hiyo jamani, haijarudishwa mpaka leo 😂

Mzee wa 67 hahitaji mnyoo ili apate kansa ya utumbo. Umri peke yake unatosha, weka na ukoo, sigara, pombe, nyama za kusindikwa, unene. Mwaka 2020 peke yake dunia ilipata wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9, na wengi wao wako nchi ambazo kichocho hawakijui.

Kuku Mgeni

Jamani mbona mnazunguka, siri imeshafichuka siku nyingi. Kansa NI mdudu ndo maana dawa za minyoo zinaiua. Kuna dawa ya minyoo ya mbwa inaitwa fenbendazoli watu wamepona kansa hatua ya nne, video zipo kibao. Mpe mzee hiyo achana na kemo inaua. Na asafishe utumbo kwa maji ya enema atatoa minyoo mirefu kama kamba mtashangaa wenyewe

Tuliza Boli

Nilijua tu utakuja 😂

Darubini

@Kuku Mgeni kaa hapa nikuelekeze taratibu bila ugomvi.

Kwanza hiyo minyoo ya kamba. Nimeshaletewa kwenye mkebe zaidi ya mara moja. Ukiweka kwenye darubini hakuna mdomo, hakuna utumbo, hakuna mayai, hakuna misuli. Ni ute na ngozi laini ya ndani ya utumbo imejisokota pamoja na mabaki ya chakula, na hiyo enema yenyewe ndiyo inayoibandua. Yaani unakwangua utumbo wako halafu unafurahia kilichokwanguliwa. Na kwa mtu mwenye uvimbe au mwenye mshono mbichi wa utumbo kama huyu mzee, hiyo enema inaweza kumtoboa.

Fenbendazoli sasa. Hizi dawa za jamii ya bendazoli zinamuua mnyoo kwa kuvunja vijibomba vidogo ndani ya seli zake. Kuna dawa halisi za kemo zinazoshambulia vijibomba hivyo hivyo, kwa hiyo wanasayansi kuzijaribu kwenye seli na kwenye panya ni jambo la akili na wanaendelea. Lakini kwa binadamu hakuna utafiti wa kutosha unaoonyesha inaponya kansa ya utumbo, na kuna mgonjwa aliyeripotiwa kuumia ini kwa kujinywea. Kansa sio mdudu, ni seli zako mwenyewe zimekataa amri. Hao wa kwenye video waulize kama walikuwa kwenye kemo kipindi hicho hicho.

Mjuba

Nachomekea kitu maana kinahusiana na "kansa ni mdudu". Mwaka 2015 iliandikwa kwenye jarida kubwa la tiba la Marekani habari ya mgonjwa wa HIV kule Kolombia, alikuwa na vivimbe mapafuni na kwenye tezi vinafanana kabisa na kansa, vinasambaa, ila seli zake ni ndogo mno wakashindwa kuelewa ni za nini. Kupima vinasaba, sio za binadamu! Zilikuwa seli za tegu kibete, yaani TEGU ndiye aliyepata kansa ndani ya mtu ambaye kinga imeisha, na hiyo kansa ya tegu ikamsambaa mwenye mwili. Ni tukio la ajabu sana, msije mkaanza kujitafuta tegu usiku huu.

Shuhuda

Mimi kwetu ilikuwa kinyume na yenu ndio maana nimeona nijitokeze, huwa nasoma tu.

Shangazi yangu alikuwa na uvimbe unapapasika kabisa tumbo upande wa kulia, amekonda, homa za hapa na pale, choo chenye damu. Skani ikasema kansa. Familia ikaitwa, tukalia, tukachangishana, tarehe ya upasuaji ikapangwa. Vinyama vilivyochukuliwa kwa kamera vikarudi hakuna kansa, vikarudiwa, hakuna kansa, ila mpimaji akaandika kaona amiba kwenye vidonda. Kumbe kuna kitu kinaitwa amiboma, amiba wanakaa sehemu moja ya utumbo kwa muda mrefu mpaka mwili unajenga nyama nene pale, kwenye picha ni kansa tupu. Upasuaji ukasimamishwa. Metronidazoli kwa siku kadhaa halafu akapewa na dawa nyingine ya kuwamaliza waliobaki ndani ya njia ya utumbo, maana ile ya kwanza inawaua walioingia kwenye nyama tu, wale waliojificha kama mayai wanabaki. Baada ya wiki nane kamera ikarudiwa, uvimbe hakuna.

Walichotusisitizia ni kurudia kamera, sio kujisikia nafuu. Kwa sababu amiba wanaweza pia kukaa juu ya kidonda cha kansa, ukawatibu, homa ikaisha, mgonjwa akanenepa kidogo, na kansa iko pale pale inawasubiri muondoke.

Darubini

@Shuhuda umemaliza. Na kumkata mtu utumbo wenye amiba hai bila kujua ni hatari, nyama inakuwa kama karatasi iliyolowa, mshono haushiki. Ongeza na hili, kuna wanaoambiwa wana ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana wanaanzishiwa steroidi, dawa zinazoshusha kinga ya mwili, kumbe ni amiba, utumbo unatoboka ndani ya siku chache.

nesi_wa_usiku

Umegusa steroidi Darubini na hapo ndipo nimeshtuka. @Mwana wa Mwisho kemo ameshaanza?

Mwana wa Mwisho

Bado, ni wiki ijayo Jumanne.

nesi_wa_usiku

Sawa nisikilize vizuri. Kabla ya kemo ya utumbo wagonjwa wengi wanachomwa deksamethazoni ili wasitapike. Hiyo ni steroidi. Sasa kuna mnyoo mmoja mdogo sana anaitwa strongiloidi, anaingia kwa ngozi ya miguu kama safura, udongo ule ule, kwa hiyo mwenye safura anaweza kuwa naye vile vile. Tofauti yake na wengine ni kwamba anazaliana humo humo ndani ya mtu bila kutoka nje, watoto wake wanatoboa utumbo wanarudi kwenye damu, mzunguko unaendelea. Kuna wanajeshi wa Uingereza waliokuwa mateka wa Wajapani vita ya pili ya dunia, wakatumikishwa kwenye reli ya Burma, walikuja kupimwa zaidi ya miaka 40 baadae wakakutwa bado wanaye.

Mtu mwenye kinga nzima hamsumbui, labda kuwashwa au tumbo kidogo. Ukimpa steroidi na kemo, kizuizi kinaondoka, vinazaliana kwa maelfu vinatawanyika mapafuni, kwenye ubongo, na vikitoboa utumbo vinabeba bakteria wa choo kuwaingiza kwenye damu. Nimemwona mgonjwa mmoja hivyo, na wote tulidhani ni kemo imemzidi, tukahangaika na dripu na antibayotiki mpaka tulipoona vijidudu vinacheza kwenye makohozi yake. Hakutoka.

Kwenye choo hatagi mayai ya kuonekana, wanatoka watoto wake tena kwa kuvizia, choo kimoja mara nyingi hakimkamati. Na ile albendazoli ya dozi moja aliyopewa mzee kwa safura haimtoshi huyu. Dawa yake ni ivamektini. Ila usikimbilie kuinunua mwenyewe, kwa watu wa maeneo ya Afrika ya kati kwenye mnyoo wa jicho, loa, ikikuta wamejaa wengi kwenye damu inaweza kumletea mtu madhara ya ubongo. Mwambie dokta wa kemo tu, mzee alikutwa na safura, kapimwa strongiloidi?

Darubini

Kweli kabisa, na wala msitegemee ile chembe ya damu inayopanda kwa minyoo, iosinofili, wakati mwingine iko kawaida. Omba kipimo cha damu cha kingamwili, na choo kipimwe siku tatu tofauti, waambie mapema kwamba wanatafuta strongiloidi ili watumie njia ya kuwavuta watoto wake watoke. Ukiandika "choo" tu utajibiwa "choo".

Kuku Mgeni

sasa si mmekubali wenyewe dawa ya minyoo kabla ya kemo??

Tuliza Boli

Dawa ya minyoo kwa ajili ya MINYOO kaka 😂😂 ndio walichosema uzi mzima

Mwana wa Mwisho

Wakuu narudi na mrejesho, wiki tatu zimepita samahanini kwa ukimya.

Nilimpigia dokta wa kemo kesho yake asubuhi, nikajua ataniona mjuaji wa mtandaoni. Akanyamaza kidogo akauliza, safura iliandikwa wapi, mimi kwenye faili langu haipo. Na kweli haikuwepo, yale makaratasi ya mwanzo nilibaki nayo mimi nyumbani kwenye bahasha, hakuna aliyeyaomba na mimi nikaona ni mambo ya minyoo yaliyopita. Nikayapeleka yote. Kemo ikasogezwa.

Choo siku ya kwanza hakuna kitu, siku ya pili hakuna kitu, siku ya tatu wakawaona. Na kipimo cha damu kikarudi chanya. Akauliziwa kama amewahi kuishi kwenye maeneo ya loa, hajawahi, akapewa ivamektini, ikarudiwa baada ya wiki mbili, na kwa kichocho akapewa prazikwanteli kwa tahadhari ingawa dokta alisema mayai yale ni ya kale. Kansa yenyewe kaniambia hatutajua imetokana na nini, na tiba ni ile ile.

Mzee mwenyewe hakuonekana kuogopa, ila hii habari ya mnyoo kukaa miaka yote ilimkera kuliko kansa. Akamuuliza dokta, sasa huyu atakuwa na umri gani? Dokta akamwambia wewe uliacha lini kutembea peku shambani? Mzee akasema kabla sijaoa. Dokta akanionyesha mimi kwa kidole akasema, basi ukoo wa huyo mnyoo una umri mkubwa kuliko huyu hapa.

Kemo ya kwanza ilikuwa juzi. Ametapika mara moja, leo kala.